Nani Anamkanda Gladness?

Busisi,
Jumanne, 3 Februari 2026

Gladness,

Huna adabu. Naanza na hilo ili usije ukadhani nimeandika kukupa pole. Pole nitakupa nikimaliza.

Siku kumi umelala na mguu uliovunjika, na mimi niko hapa nakaanga sangara sijui kitu. Nimeambiwa na Venant! Mtu mzima anayesafirisha dagaa kila wiki, ambaye hajawahi kutunza siri wala meno yake mwenyewe. Kasimama mbele ya karai langu, wateja wamejaa, anasema, "Mama Teodora, pole na mjukuu, lakini naona anaendelea vizuri kule kwa bibi yake." Nikamuuliza, bibi yake yupi? Akacheka, akadhani natania. "Si yule Bibi Zakia wa Igoma, mwenye nyumba wake. Kila nikipita namkuta anamkanda."

Sangara watatu wakaungua nimeshika mwiko kama sanamu.

Anakukanda. Mtu mwingine anakukanda wewe. Hebu niambie, Gladness, toka Busisi mpaka Sengerema mjini, mwanamke akijifungua wanamtafuta nani? Mtu akidondoka na pikipiki kiuno kikakataa, wanamtafuta nani? Mikono hii. Mama yako nilimkanda siku aliyokuzaa. Mama yako alipofariki nikakukanda wewe, asubuhi na jioni, mpaka ukasimama ukatembea. Mgongo huo naujua kuliko wewe unavyoujua, maana wewe hujawahi kuuona. Leo umeanguka, umekwenda kuulaza mbele ya mwanamke anayekupangisha chumba.

Nijibu haya. Ameanza na kiuno au mgongo? Maji anaweka chumvi? Anatumia kitambaa gani? Umeangukia wapi, na ulikuwa unafanya nini hata ukaanguka, maana sikukulea kutembea ukitazama juu.

Usinipigie kwa simu ya Obedi. Yangu iliingia maji, na Obedi jirani anaweka spika, mtaa mzima unasikia habari zangu kabla yangu. Andika barua. Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima, nikapewa cheti, naandika kwa mkono wangu bila kumwomba mtu. Venant anapita huko Jumanne na Ijumaa.

Mimi siji. Najua daraja lipo. Nalitazama kila siku, mabasi yanapita juu yake bila kusimama, na wateja wangu wa kivuko wamekwenda nayo. Lakini siji nyumba ambayo sijaitwa.

Na Venant anasema na wewe unamwita Bibi. Bibi yako ni mmoja.

Sasa pole.

Bibi yako wa kweli,
Teodora Misana


Igoma,
Ijumaa, 6 Februari 2026

Bibi,

Shikamoo. Ningekuwa na mguu wa kupiga magoti ningepiga. Nisamehe kwa kuchelewa kukuambia.

Niliangukia kazini. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 24 Januari. Unakumbuka nilikuambia pale supamaketi kuna friji refu la maziwa? Linavuja. Umeme ukikatika barafu inayeyuka, maji yanatambaa mpaka kwenye rafu ya mayai. Sisi wafanyakazi tuna namna yetu. Tunapasua maboksi ya sabuni, tunayatandika sakafuni yanyonye maji, tunapita juu yake. Siku hiyo tuliambiwa mwenye duka anakuja. Bwana Pius, afisa utumishi wetu, akasema toeni hayo maboksi, duka linafanana na genge. Tukatoa. Modesta, mwenzangu wa zamu, akapiga deki kwa sabuni. Kile kibao cha njano cha kuonya watu kwamba sakafu imelowa kiko stoo na hakitolewi, eti kinatisha wateja.

Nikapita na trei mbili za mayai. Bibi, sikuyaachia. Sijui kwa nini. Ningeyaachia ningeshika rafu. Nilikaa chini nayo yamekaa mapajani, trei moja halikupasuka hata yai moja, na mguu wa kulia ukabaki chini yangu. Modesta aliona kila kitu.

Kifundo kimevunjika. Wamenifunga hogo, lile plasta jeupe gumu, mpaka gotini, na wamenipa magongo. Daktari anasema mwisho wa mwezi watapiga picha tena. Mfupa usipokaa watapasua waweke chuma. Kazi yote sasa iko kwenye karatasi moja: duka lijaze fomu ya ajali kazini, ipelekwe kwenye mfuko wa fidia wa wafanyakazi, ndipo nitibiwe na nilipwe nikiwa nimelala. Bila fomu hiyo sina chuma, na sidhani kama nitakuwa na kazi. Bwana Pius anasema analishughulikia.

Bibi Zakia hagusi mguu. Anakanda kiuno na mgongo kwa sababu niliangukia nyonga. Anaanza na mgongo. Anatumia kanga kuukuu na chumvi kidogo. Anauliza kila mara kama maji yanachoma. Namwita Bibi kwa heshima tu, mtaa mzima unamwita hivyo, hata muuza maji ambaye ni rika lake.

Usikasirike. Anakusalimu.

Mjukuu wako,
Gladness


Busisi,
Jumanne, 10 Februari 2026

Zakia,

Hunijui. Mimi ndiye Teodora, bibi yake Gladness. Salamu zako zimefika, nimeziweka.

Nimesikia unamkanda mjukuu wangu kwa kanga kuukuu. Kanga! Kanga haishiki moto, ukiitoa kwenye maji mpaka ifike mgongoni imeshapoa, unampapasa mtoto kama unamfuta vumbi. Ninakuletea kwa mkono wa Venant taulo langu zito, lile la kazi. Limekanda wanawake kumi na wanne mwaka jana peke yake. Unalichovya, unalikamua nusu, si lote, unakunja mara nne. Unaanza kiunoni, unapanda. Wewe unaanza juu unashuka, ndiyo maana siku kumi na saba mtoto bado analala upande mmoja. Hilo nimelijua kwa Venant.

Sikuambii haya ili uendelee. Nakuambia ili kama ni lazima uendelee, usimharibu.

Kitu kingine. Kila mtu na wake. Mimi nina mjukuu mmoja, nimemlea toka akiwa na miezi minne, sina mwingine. Wewe wajukuu wako wako wapi hata unashinda mgongoni kwa wa wenzako?

Samaki waliomo kwenye kapu ni wa Gladness. Ukibaki mkia si vibaya ukaonja.

Teodora Misana, mkandaji


Igoma,
Ijumaa, 13 Februari 2026

Bi Teodora,

Salaam nyingi.

Taulo limefika. Linashika moto kuliko kanga yangu, hilo nakupa. Nimeanza kiunoni kama ulivyosema. Jana Gladness amelala chali kwa mara ya kwanza. Nimemwambia ni kazi ya bibi yake, mimi nimekopesha mikono.

Samaki nimeonja mkia. Chumvi imezidi.

Umeniuliza wajukuu wangu wako wapi. Sina. Nilizaa mmoja, Suhaib, akafa na miaka sita. Sasa umejua, usiniulize tena.

Nakuandikia pia ulale usingizi. Ua wangu ni jiwe tupu, na kazi yangu ni kutengeneza sabuni ya maji, nakorogea hapo hapo uani, kwa hiyo panateleza. Mimi nimepazoea miaka ishirini. Lakini tangu Gladness arudi hospitali na magongo yake nimemwaga mchanga, kutoka mlango wa chumba chake mpaka chooni, na kila asubuhi naongeza. Hawezi kuteleza hapa. Ukitaka kuhakikisha, njoo utazame. Mlango wangu hauna komeo kwako.

Mwezi wa Ramadhani ndio huo unaingia wiki ijayo. Tuombeane.

Zakia binti Bashiru


Busisi,
Ijumaa, 20 Februari 2026

Gladness mjukuu wangu,

Leo huna la kulia. Bibi yako amekufanyia kazi.

Yule mwanamke ameniandikia barua eti niende nikatazame. Anikaribishe mimi kumtazama mtoto wangu! Kama vile mimi ndiye mgeni na yeye ndiye mwenyeji wako. Nikameza. Nikasema Mungu yupo. Na kweli, juzi Jumatano natoka kanisani kupakwa majivu, nakuta gari jeupe mlangoni. Wakubwa wako wa dukani.

Bwana Pius mwenyewe, na mwenzake wa kuandika. Viatu vimechongoka mbele unaweza kutobolea embe. Lakini huyo kijana amelelewa. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema shikamoo mama, akainama. Wameleta sukari na mchele. Obedi alitoka nje mara tatu kujifanya anafukuza kuku.

Bwana Pius akasema, "Mama, kule Igoma kuna bibi mmoja anasema yeye ndiye mlezi wa Gladness. Tumeona tuje tuhakikishe."

Mlezi? Nikamwambia mlezi ni mimi! Nikamtolea cheti chako cha ubatizo, nikamtolea kadi yako ya kliniki, nikamwonyesha hata mahali ulipojichora kwa mkaa ukutani. Akasema, "Ndiyo mama, hata sisi tumeona. Sasa huko anakoishi ni salama kweli?"

Nikamwambia ukweli. Ua ni jiwe, umejaa sabuni, unateleza kama mgongo wa kambare. Hakuamini. Nikamletea barua ya Zakia mwenyewe, hapo aliposema panateleza, mwenzake akapiga picha kwa simu. "Kumbe," akasema Bwana Pius. "Kwa hiyo anaweza kuwa aliteleza pale?" Nikamjibu, "Nani asiyeteleza pale!"

Basi wakaandika karatasi yao. Juu kabisa nimeliona neno MLEZI, kwa herufi kubwa, na chini yake jina langu. Si lake. Langu. Mwenzake akatoa kidau cha wino ili nigonge dole gumba. Nikamwambia, baba, rudisha wino wako, hapa kuna cheti cha kisomo. Nikasaini jina langu lote kwa kalamu. Bwana Pius akapiga makofi. Miwani ilikuwa ndani, kwenye Biblia, na sikutaka watu wazima na gari lao wakae kumsubiri bibi anayefuata mistari kwa kidole. Lakini neno la juu nililiona.

Sasa tulia. Wamejua wewe ni wa nani. Bila shaka watakutoa hapo kwenye sabuni wakulete kwangu, na gari wanalo. Nimeshatandika kitanda chako. Huyo Zakia mwambie anirudishie taulo.

Bibi yako na mlezi wako,
Teodora Misana


Mwanza,
Jumatatu, 23 Februari 2026

Ndugu Gladness Pastory,

YAH: MADAI YA KUUMIA KAZINI

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Uongozi umefanya uchunguzi wa kina kuhusu madai yako ya kuumia tarehe 24 Januari 2026. Kwa mujibu wa maelezo ya maandishi yaliyosainiwa tarehe 18 Februari 2026 na mlezi wako halali, Bi. Teodora Misana wa Busisi, uliteleza katika ua wa nyumba unayoishi, Igoma, ambako kunatengenezwa sabuni.

Kwa sababu hiyo, ajali yako si ajali ya kazini na fomu uliyoomba haitajazwa. Unatakiwa kuripoti kazini Jumatatu tarehe 9 Machi 2026 saa moja asubuhi. Usipofika utahesabika kuwa umeacha kazi kwa hiari yako.

Tunakutakia afya njema.

Pius
Afisa Utumishi


Igoma,
Jumanne, 24 Februari 2026

Bibi,

Shikamoo.

Soma karatasi niliyoambatanisha. Vaa miwani. Fuata kwa kidole, hakuna anayekutazama.

Umemaliza? Sasa endelea na hii.

Jana nimepigwa picha. Mfupa haujakaa. Chuma kinatakiwa, na daktari anasema nisichelewe, nikichelewa nitachechemea maisha yangu yote. Nimemuuliza nani atalipia, akaniuliza, "Si uliangukia kazini?" Karatasi yenye jina lako inasema hapana.

Bwana Pius amekudanganya. Bibi Zakia hajawahi kusema yeye ni mlezi wangu. Walikuja hapa tarehe 16, mimi niko chumbani, dirisha liko wazi, nimesikia kila neno. Alisema, "Mimi nimempangisha tu. Mlezi wake ni mkandaji wa Busisi, mwanamke mwenye jina lake, kamuulizeni yeye." Kwa sauti ya kukusifu, Bibi. Ndivyo walivyopata njia ya kuja kwako.

Leo amekwenda dukani kuniombea. Amefunga. Amesimama mlangoni kwao toka saa tatu mpaka adhuhuri, juani, walinzi hawakumruhusu kupanda ofisini. Amerudi midomo imemkauka. Nilidhani atakusema. Nilitaka akuseme. Ameniambia, "Nipe taulo la bibi yako, maji yamechemka."

Modesta yuko tayari kueleza alichokiona. Amesema ukikataliwa dukani unaweza kupeleka malalamiko mwenyewe kwenye ofisi ya fidia. Lakini anaogopa kwenda peke yake, na karatasi yako inamfanya yeye aonekane mwongo.

Ulitaka kujua kwa nini nilikuficha siku kumi. Hukuniuliza, uliamua mwenyewe kwamba ni kwa ajili ya Bibi Zakia. Siku naondoka Busisi kwenda kuanza kazi, nimeshika begi, ulisimama mlangoni ukasema, "Nenda, utarudi umebebwa." Unakumbuka? Mimi nilikumbuka nikiwa nimekaa kwenye maji ya lile friji na mayai mapajani. Nilijua ukiniona hivi hutaniambia pole. Utaniambia nilisema.

Sijui kama nakuomba kitu. Nimekuandikia tu ujue.

Gladness


Busisi,
Ijumaa, 27 Februari 2026

Zakia mwenzangu,

Nakuandikia wewe kwa sababu Gladness siwezi kumwandikia. Nimeanza barua yake mara nne. Kila nikiandika jina lake kalamu inasimama.

Nimeisoma ile karatasi ya Pius kwa miwani na kwa kidole. Kidole kilipofika kwenye "mlezi wako halali" kilikataa kwenda mbele. Neno hilo hilo ndilo nililolitaka. Nimeuza mguu wa mtoto kwa neno moja la herufi kubwa, majivu yakiwa bado kwenye paji la uso wangu.

Nilikuonea wivu. Haya, nimeandika. Nilipoambiwa ameanguka sikuuliza kwanza mguu ukoje, niliuliza nani anamkanda. Pius alinitazama mara moja tu akaona pa kunishika. Na usidhani nimepona. Bado nakuonea. Nikifikiri kwamba saa hizi maji unayoyachota wewe yanagusa mgongo ule, kuna kitu kinanikaa hapa chini ya titi la kushoto. Naye anapoandika "Bibi Zakia" naona kalamu yake inakwenda laini kuliko ikiandika jina langu. Lakini wivu wangu ni wangu, nitakaa nao. Hauwezi kukaa kwenye faili la Pius.

Kuhusu Suhaib, nilikuuliza kwa ubaya. Sitakuuliza tena.

Samaki nitapunguza chumvi.

Sasa sikiliza, maana nimekaa siku mbili nimefikiri. Ile barua yako ya tarehe 13 Pius alipiga picha mstari mmoja tu, wa kuteleza. Yote ninayo mimi. Nimeisoma tena. Imesema mchanga uliumwaga Gladness aliporudi hospitali na magongo. Mtu hapewi magongo kabla ya kuvunjika! Hata mimi wa kisomo naliona hilo. Barua ina tarehe na jina lako. Naibeba. Nabeba pia barua ya Gladness ya tarehe 6, ya friji na maboksi, ambayo aliiandika kabla hajajua kama kuna mtu atamkana. Na nabeba nafsi yangu, nikaseme mbele ya Pius kwamba nilisaini kitu nisichokisoma, kwa sababu ya kiburi na kwa sababu yako. Atacheka. Acheke. Nitasaini karatasi nyingine papo hapo, na mara hii watasubiri miwani hata kama ni mpaka jioni.

Sukari na mchele wake nimevirudisha mfukoni, navirudisha. Sukari nilishapikia uji mara moja, nimejazia ya kwangu.

Mimi nilisema siji mpaka niitwe. Uliniita, nikafanya ni tusi. Sasa nakuja Jumatatu kwa basi la kwanza, juu ya hilo daraja nililolinunia, na utafanya hivi.

Mwambie Modesta afike kwako Jumatatu saa mbili kabla ya zamu yake. Asiogope, atatembea katikati, wewe kulia mimi kushoto, tuone mlinzi gani atawazuia vikongwe wawili waliofunga. Wewe umefunga, mimi niko kwenye Kwaresima yangu, kwa hiyo tusitukanane njiani. Tutaanza dukani. Wakikataa, hatukai kubishana, tunakwenda moja kwa moja ofisi ya fidia. Chukua karatasi zote za hospitali, uzifunge kwenye mfuko usiopitisha maji. Gladness abaki amelala.

Jumatatu asubuhi usimkande. Chemsha maji, weka taulo langu juu ya sufuria, unisubiri. Mgongo nitaufanya mimi. Kiuno nakuachia wewe. Nikiwa namkanda toka nje ukaangalie sabuni yako, kuna jambo nililomwambia mlangoni siku ile anaondoka, nataka kulirudisha, na siwezi kulirudisha mbele ya mtu. Anaweza kuendelea kukuita Bibi Zakia. Bibi peke yake, bila jina mbele yake, ni mimi, hilo halina mjadala.

Halafu mwaga mchanga uani. Usibanie. Anza mlango wa barabarani mpaka ndani, uwe mzito, kabla basi langu halijafika. Nikiteleza hapo kwako Jumatatu, Zakia, ule uongo wangu utakuwa kweli.

Teodora Misana